Maswali ya Wakulima: Ushuru Umefutwa, Mbona Mzigo Bado Unakwama Mpakani?

Barua nyingi za msimu huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kama Afrika Mashariki ni soko moja, mbona mkulima wa Uganda bado anahangaika akitaka kuuza nje? Tumechagua sita. Karibu zote zinagusa jambo hili: mkataba wa biashara hufuta ushuru wa forodha. Ubora wa bidhaa, afya ya mimea na ushahidi wa mahali mazao yalikolimwa vinabaki kuwa kazi ya muuzaji, na huko ndiko fedha nyingi za wakulima zinakopotelea.

Habari zenu wahariri. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mahindi hapa Bweyale, Kiryandongo. Tulikodi lori, tukapakia magunia 300 ya kilo 100, likarudishwa mpakani kwa sababu ya sumukuvu. Tulikuwa tumeambiwa mahindi ya Uganda hayatozwi ushuru Kenya. Je, tulidanganywa?
*Katibu wa kikundi, Bweyale*

Hamkudanganywa, ila mliambiwa nusu ya habari. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na leo mahindi yaliyolimwa Uganda yanaingia Kenya kwa ushuru wa asilimia 0, huku kiwango cha pamoja kwa mahindi ya kutoka nje ya Jumuiya kikiwa asilimia 50. Hiyo ni nafasi kubwa na ni yenu. Lakini itifaki ya umoja huo inaiachia kila nchi haki ya kuzuia chakula kinachohatarisha afya ya watu wake. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haijavuka kiwango, pamoja na maelezo ya mahali yalikolimwa.

Kiwango chenyewe tumekubaliana sote. Kinaitwa EAS 2, na Uganda inakitumia kama Kenya. Kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, aflatoksini (ndizo sumukuvu) zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5.

Sasa tuseme mahali mambo yanapoharibika, maana si mpakani. Kuvu huanza shambani, hasa mvua inapokatika wakati mahindi yanajaza punje, au wadudu wanapotoboa magunzi. Kisha huongezeka kwa kasi baada ya mavuno, mahindi yakikaa na unyevu wa asilimia 18 au 20 yakisubiri jua. Kila siku ya kusubiri inahesabika. Anikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo; tabaka lisizidi kina cha sentimita 5; geuzeni mara kadhaa kwa siku; na jioni funikeni kabla umande haujashuka. Kabla ya kupukuchua, toeni magunzi yenye ukungu na yaliyotobolewa. Msipukuchue kwa kupiga fimbo magunia yaliyojaa, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Ghalani, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kupima unyevu kwa chumvi kunasaidia lakini kuna mpaka wake. Weka chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15. Isipoganda, unajua tu kwamba uko chini ya 15, na 14.5 bado inarudishwa. Kikundi chenye lori zima la kuuza kinahitaji kipima unyevu cha umeme, kinunuliwe kwa mchango.

Jambo la pili ni sampuli. Sumukuvu haijasambaa sawasawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Wengine huchota kilo moja ya mahindi mazuri kutoka gunia la juu, wanapata cheti safi, kisha mkaguzi wa mpakani anachomeka bambo kwenye gunia la katikati na majibu yanakuwa mengine. Utaratibu wa kawaida wa nafaka ni huu: magunia yakiwa hadi 10, chota kila moja, yakiwa kati ya 10 na 100, chota 10 bila kuchagua, yakizidi 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi yote. Kwa magunia yenu 300 ni kama 18. Chota juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya yote pamoja, ndipo ugawe sehemu ya kupeleka maabara. Na fanyeni hivyo kabla ya kukodi lori. Kurudi na mzigo mnalipia usafiri mara mbili.

Karatasi nazo zina mpangilio, na wengi wanauanza kwa nyuma. Kwanza mnunuzi wa Kenya apate kibali cha kuingiza mazao ya mimea, kwa sababu masharti ya kibali hicho ndiyo mkaguzi wa Wizara ya Kilimo ya Uganda anayoyasoma kabla ya kutoa cheti cha afya ya mimea. Baadaye vinafuata cheti cha ubora na sumukuvu, cheti cha uasili wa bidhaa (kinachoonyesha nchi ilikozalishwa) kutoka Mamlaka ya Mapato, URA, kisha tamko la forodha ambalo wakala wenu ataliingiza kwenye mfumo. Uzito na idadi ya magunia vifanane katika karatasi zote. Tofauti ya magunia mawili inatosha kuwalaza Busia siku mbili.

Tunajua kinachowafanya wakulima wauze mahindi mabichi: mnunuzi analipa kwa kilo, na maji yana uzito. Fanyeni hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki kilo 94.8. Tuseme, kwa mfano tu, mabichi ni shilingi 900 kwa kilo; ili msipate hasara, makavu lazima yauzwe si chini ya shilingi 950. Mnunuzi asiyeongeza hata hiyo hamsini anawafanya nyinyi mlipie ukaushaji wake. Mwekeeni hesabu hiyo mezani kabla ya kukubaliana bei.

Mimi huvusha maharagwe na ndizi hapa Busia, mtaji wangu ni mdogo. Wenzangu wanapitia njia za panya wanasema forodha ni ya matajiri. Kuna namna ya mtu mdogo kupita rasmi?
*Mama mfanyabiashara, Busia*

Ipo, mama, na imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, unapita kwa Cheti Rahisi cha Uasili. Fomu unaijaza palepale mpakani na afisa wa forodha anaigonga muhuri. Huhitaji kwenda Kampala wala kumlipa wakala.

Cheti hicho kinafuta ushuru wa forodha peke yake. Maharagwe yako bado yanahitaji ukaguzi wa afya ya mimea, kwa hiyo pita dirisha la kilimo kwanza, ndipo uende la forodha. Ukifuata mpangilio wa kinyume utarudishwa kwenye foleni. Nenda na kitambulisho, na karatasi yoyote ya manunuzi, hata iliyoandikwa kwa mkono, inayoonyesha bei. Afisa akikadiria thamani bila karatasi, makadirio huwa ya juu.

Kuhusu njia ya panya: ushuru unaoukimbia kule haupo. Unachokikuta ni bodaboda wa kuvusha, mtu wa kumpa chochote, na hatari ya kunyang'anywa mzigo wote bila kuwa na pa kulalamika, kwa sababu huna karatasi inayoonyesha ni wako. Na usikubali kumbebea mtu sukari au mchele wa ng'ambo ndani ya cheti chako. Bidhaa hizo hazikuzalishwa kwetu, na kesi itakuwa ya jina lililo kwenye fomu.

Hapa Butaleja tunalima mpunga wa Doho. Tunasikia mchele wa kutoka nje unatozwa asilimia 75. Mbona wa Pakistan unauzwa rahisi kuliko wetu?
*Mkulima wa mpunga, Butaleja*

Kiwango cha pamoja cha Jumuiya kwa mchele wa nje ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kinachochukuliwa ni kile kikubwa. Lakini kila mwaka nchi huweza kuomba ruhusa ya kutoza tofauti kwa mwaka mmoja, na kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikitoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani.

Chukua mchele unaofika Mombasa kwa dola 450 kwa tani. Kwa kiwango cha pamoja, asilimia 75 ni dola 337.5, kwa hiyo inatozwa 345. Kwa ruhusa ya Kenya, asilimia 35 ni dola 157.5, kwa hiyo inatozwa 200. Pengo ni dola 145 kwa kila tani. Mchele ulioingia kwa ruhusa hiyo ni wa kuliwa Kenya. Ukivuka kuja Uganda unapaswa kulipa kiwango kamili. Ukivuka usiku kwa pikipiki, haulipi, na ndio mnaoshindana nao katika soko la Mbale.

Ruhusa hizi zinajadiliwa na mawaziri wa fedha kabla ya bajeti za Juni, zinatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, na zinaanza Julai 1. Chama cha wakulima kinachotaka kusikika kipeleke hoja kwa Wizara ya Fedha na Wizara ya Biashara miezi kadhaa kabla, ikiwa na tani zinazovunwa, gharama za ekari moja na bei ya shambani. Malalamiko ya Agosti yanakuta mlango umefungwa hadi mwaka unaofuata.

Kenya imesaini mkataba na Umoja wa Ulaya, sisi bado. Kahawa yetu ya Masaka itaanza kulipa ushuru huko? Na huu usajili wa mashamba kwa simu ni wa nini hasa?
*Mkulima wa robusta, Masaka*

Hapana, haitalipa. Kenya si miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa, ndiyo maana ilihitaji mkataba wake, ulioanza kutumika Julai 1, 2024. Uganda imo katika kundi hilo, kwa hiyo inaingiza Ulaya bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru wala ukomo wa kiasi. Zaidi ya hayo, kahawa isiyokaangwa haitozwi ushuru Ulaya hata ikitoka Brazil au Vietnam. Nafuu ya Uganda inaonekana kwenye kahawa iliyokaangwa, ambayo ushuru wake wa kawaida ni asilimia 7.5. Yaani nafuu hiyo inampa faida hasa yule anayekaanga na kufungasha hapa nyumbani, na ni wachache mno wanaoitumia nafasi hiyo. Kwa mzigo unaozidi euro 6,000, msafirishaji awe na namba ya usajili inayomruhusu kuandika mwenyewe tamko la uasili kwenye ankara. Mkulima hahitaji namba hiyo.

Usajili wa mashamba ni habari nyingine. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inazuia kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawasubiri. Tayari wanadai ramani. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, linahitaji nukta moja ya mahali, yaani namba za latitudo na longitudo. Linalozidi hapo linahitaji mpaka wake wote uzungukwe.

Makosa tunayoyaona kwenye orodha za vikundi ni yaleyale, na kila moja linaweza kuuondoa mzigo sokoni. La kwanza: nukta inachukuliwa nyumbani, mkulima ameketi barazani, wakati mibuni iko bonde la pili. Simama katikati ya kahawa yenyewe, mbali na mti mkubwa, subiri simu ionyeshe usahihi wa mita chache, ndipo uhifadhi. La pili: familia ina vipande vitatu, inaandikisha kimoja. Kila kipande kina nukta yake. La tatu: tarakimu zinakatwa. Sheria inataka sita baada ya nukta ya desimali. Ukiandika mbili tu, shamba linaweza kuonekana zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipo, labda ndani ya msitu wa hifadhi.

La nne ni letu sisi wa karibu na Ikweta, na linastahili kuangaliwa kwa makini. Masaka iko kusini, kwa hiyo latitudo yake ina alama ya kutoa, kama -0.341250, na longitudo kama 31.736420. Karani akiisahau alama hiyo, shamba linahamia ng'ambo ya Ikweta, kilomita 75 kaskazini. Akibadilisha nafasi ya namba hizo mbili, shamba linatua katika jangwa la Algeria. Kompyuta ya mnunuzi haiulizi maswali, inaukataa mzigo. Kabla orodha haijatoka kikundini, fungueni kila nukta kwenye ramani ya simu yenye picha za setilaiti, muone mibuni yenu.

Tena, msichanganye. Gunia moja la mchuuzi asiyejulikana likiingia ghalani, mzigo wote unapoteza ushahidi wake, hata kama wakulima 200 waliobaki wameandikishwa vizuri. Gunia la kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, liandikwe namba ya mkulima tangu siku ya kupokelewa.

Ninalima simsim Lira. Huu mkataba wa bara zima unanihusu?
*Msomaji, Lira*

Kidogo kwa sasa. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 1, 2021, lakini unafuu unapatikana pale tu nchi zote mbili zinapokuwa zimetangaza viwango vyao vya ushuru. Chagua cheti cha uasili kwa kuangalia mzigo unakokwenda: Kenya, Tanzania, Rwanda au Sudan Kusini, tumia cha Afrika Mashariki; Misri au Zambia, tumia cha COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika; Ghana na nchi za Afrika Magharibi, ndipo cha bara zima kina kazi. Angalia usikosee: Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, na Sudan Kusini haimo.

China nayo, tangu Desemba 1, 2024, imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Uganda ikiwemo. Ukilenga Ulaya, tatizo lako si ushuru bali salmonela. Simsim ianikwe juu, mbali na kuku, mbuzi na kinyesi chao, na wapepetaji wanawe mikono kwa sabuni. Wanaoanika kando ya barabara wanaliharibia soko eneo zima.

Kenya ikizuia maziwa yetu, bei hapa Kiruhura inaanguka ndani ya wiki. Sisi wafugaji tufanye nini, au ni mambo ya wakubwa?
*Mwanachama wa ushirika wa maziwa, Kiruhura*

Bei inaanguka haraka kwa sababu maziwa mengi ya kusini magharibi yanakwenda viwandani, na viwanda vinauza sehemu kubwa nje. Soko la maziwa ya unga likifungwa, kiwanda kinapunguza lita kinazopokea, tangi la kituo cha kukusanyia linajaa, na lita inayobaki inauzwa kwa bei yoyote kabla haijaganda. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2023, Kenya iliposimamisha uingizaji wa maziwa ya unga ikisema inawalinda wafugaji wake.

Itifaki ya Umoja wa Forodha inaruhusu kuzuia bidhaa kwa sababu ya usalama au afya ya watu, wanyama na mimea. Kumlinda mfugaji wa nyumbani dhidi ya mwenzake wa Jumuiya kunahitaji utaratibu wa hatua za kinga, wenye ushahidi kwamba uingizaji umeongezeka ghafla na kuleta madhara. Nje ya hapo, zuio ni kikwazo kisicho cha kiforodha, na Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuviondoa.

Kikwazo kisicho na taarifa iliyoandikwa hakijadiliwi. Ushirika au kiwanda kinaweza kukiripoti kwenye mfumo wa pamoja wa Jumuiya, COMESA na SADC (jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika) katika tovuti ya tradebarriers.org, na nakala ikaenda kwa kamati ya kitaifa iliyo Wizara ya Biashara. Andikeni msimbo wa forodha wa bidhaa (0401 kwa maziwa ya kawaida, 0402 kwa ya unga au mazito, 0403 kwa mtindi), mpaka, tarehe na saa, ofisi iliyozuia, sababu waliyoitoa, na nakala ya barua au risiti. Kisha hasara: lita ngapi, bei ya siku ile, siku ngapi. Msiandike "Kenya inatuonea". Andikeni kwamba lita kadhaa zilikaa mpakani saa kadhaa zikiwa na cheti cha ubora namba fulani, na kiambatisheni.

Mwombeni meneja wa kiwanda chenu nakala za vyeti vya ubora vya kila mzigo, mzihifadhi ofisini kwa ushirika kwa mpangilio wa tarehe. Zuio likija, taarifa itoke siku hiyohiyo.